Trauti niliyemwachia leo

Leo nimemrudisha samaki mtoni kwa mikono yangu mwenyewe.

Mimi, niliyekulia kambi ya wakimbizi Kigoma, ambako samaki hatupwi!

Kaka yangu alizikwa hukohuko wiki iliyopita. Sikuweza kwenda. Kulia nako nimeshindwa. Basi leo sina zamu, nikachukua fimbo ya kuvulia na nzi bandia, nikatoka mjini Buffalo, huku Marekani, hadi mtoni.

Mvua ya jana ilichafua maji. Nikaona ndiyo penyewe, maana kaka alinifundisha kuvua kambale kwenye tope.

Masaa mawili mazima, hakuna kitu.

Mzungu mmoja mzee akaniambia, "Trauti anakula kwa macho. Subiri maji yawe rangi ya chai."

Nikasubiri, nimesimama kama nguzo. Maji yakaanza kuonyesha mawe. Nikarusha.

Akanasa! Mkubwa, mgongo una madoa.

"Hapa huwa tunawaachia," mzee akasema.

Nikamwachia. Sikuhisi chochote.

Nyumbani nikamsimulia mke wangu. Akaguna. "Kaka yako angesikia, angekuchapa."

Mliokulia kambini, semeni ukweli, mngemwachia?

Mimi bado nimekaa hapa mlangoni, mabuti sijavua.

Natamani aje anichape.