Mtihani Niliouficha

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata chai hainishuki vizuri. Imenirudia leo asubuhi nilipokukuta jikoni unalia, nikakuuliza una nini, ukaniambia ni kitunguu. Kitunguu chenyewe hukuwa umekimenya bado. Simu yako ilikuwa pembeni, kioo kimejaa maswali ya mtihani wa kuingia kusoma sheria, nikajua kinachokuliza. Usinikasirikie. Kaa hapa, nisaidie kuchambua huu mchele, maana kilio chako nakifahamu.

Nilikuwa kijana kama wewe, miaka ishirini na kitu. Kidato cha sita nilikimaliza kwa alama za kuokoteza, nikapata kazi ya kuchapa katika steshenari moja hapa hapa Bagamoyo, karibu na mahakama. Wenye kesi walikuja kwetu kuchapiwa maombi yao. Basi akaja mama mmoja mtu mzima kutoka Miono, mjane, kaongozana na kijana wa mjini aliyejifanya wakili. Yule kijana anataja, mimi nachapa. Tulipomaliza, mama yule akaniuliza, "Mwanangu, hapo umeniwekea kwamba lile shamba nimelilima mimi na marehemu?" Nikamwambia hapana, mama, halimo neno hilo. Yule kijana akanikata jicho. "Wewe chapa tu. Sheria unaijulia wapi?" Akazichukua karatasi, wakaenda zao.

Swali lile lilinikera wiki nzima. Sheria naijulia wapi? Nikaamua nikaijue. Kulikuwa na mtihani kwa watu wa aina yangu, ambao alama za shule zimewafungia mlango wa chuo na umri umeanza kusogea. Ukifaulu unaingia, unasoma sheria na wenzako. Ulifanyika mara moja tu kwa mwaka, Dar es Salaam. Nikajiandikisha.

Sitakueleza kusoma kulivyo, unakujua. Ila nikwambie na mimi nilipita huko. Kuna siku nilijibu maswali yote ya mwaka uliopita, mwalimu mmoja wa sekondari aliyekuwa ananisahihishia akaniwekea alama za juu, nikatembea barabarani kama hakimu kabisa, nikamnunulia mama samaki wa kukaanga, nikacheka hovyo mpaka akaniuliza kama nimeposwa. Kesho yake naletewa kifungu cha kusoma na kukitolea hoja, nakisoma mara tatu, sielewi kinakwenda wapi. Najiona mjinga kuliko wajinga wote wa pwani, najiuliza nani alinidanganya. Jioni nimeapa kuacha, asubuhi nimekifungua kitabu tena. Na lililokuwa baya zaidi, ukimtoa yule mwalimu, sikuwa na mtu wa kumwambia.

Sikuwa naye kwa sababu mama, Mungu amrehemu, alinikataza. Unajua watu wetu. Mtu ana safari, hasemi mpaka amefika. Mtu ana mimba, hasemi mpaka tumbo limesema lenyewe. Mama alikuwa mwanachuoni wa mambo hayo. "Mwanaidi," aliniambia, "jicho la mtu lina sumu. Wakijua kabla, hupati kitu. Wasikie ukishapita." Hata kombe alilokwenda kuniombea kwa sheikh, yale maandishi ya zafarani ya kuosha na kunywa, hakusema ni la mtihani. Alisema binti yake anaumwa tumbo! Nikanywa dua ya tumbo kwa ajili ya mtihani wa sheria. Cheka, mwanangu, na mimi nilicheka siku ile.

Sasa sikiliza kilichofuata. Binti wa mjomba wangu Athumani, Zuhura, alikuwa anaolewa. Zuhura tulilelewa naye nyumba moja, mimi ndiye dada yake. Tukaitwa kikao nyumbani kwa mjomba, wanaume barazani na wanawake ndani, mlango wazi tusikilizane. Jumamosi moja ikachaguliwa, nikahema, haikuwa ile ya mtihani wangu. Tunakaribia kuomba dua tuondoke, mzee mmoja akakumbuka kwamba mpishi tunayemtaka, yule wa pilau, siku hiyo kakwisha chukuliwa na watu wa Mbegani. Mjomba hakusita. "Basi tusogeze mpaka Jumamosi ya pili yake. Harusi bila pilau la maana ni fedheha." Watu wakacheka, wakakubali. Jumamosi ya pili yake ndiyo ilikuwa ya mtihani.

Mjomba akauliza kwa sauti, kama ilivyo desturi, "Kuna mwenye udhuru?" Nikafungua mdomo. Mama alikuwa kakaa pembeni yangu, akanibana paja kwa kucha, chini ya khanga. Nikaufunga. Mjomba akasubiri kidogo, kisha akasema, "Alhamdulillahi, hakuna." Wakasoma Fatiha, na mimi nikaitikia amina kama wengine.

Njiani mama akanituliza. Siku hiyo nitatoka alfajiri, atasema amenituma Dar es Salaam kufuata khanga za bi harusi, adhuhuri nitakuwa nimerudi. Nikamwamini. Siku yenyewe ilipofika, tumelala kwa mjomba kwenye shughuli, nikavaa, nikachukua mkoba wangu, nikafika mlangoni. Mashangazi wamejaa ua mzima, moto umeshawashwa.

"Unakwenda wapi na asubuhi hii, wewe?" shangazi mkubwa akaniuliza.

"Dar es Salaam, shangazi. Kufuata khanga."

"Khanga! Dada wa bi harusi aondoke siku ya harusi kwa ajili ya khanga? Mwite mtu mwingine aende. Vua huo mtandio, njoo umshike mwenzio, ndani huko analia."

Ningesema nini? Angeniuliza kwa nini iwe lazima mimi, na jibu lilikuwa moja tu, nalo nimekatazwa. Nilimtazama mama. Alikuwa anapepeta mchele, hakuinua kichwa. Wakamtuma mtu mwingine Dar, akaenda, akarudi na khanga nzuri tu. Mimi nikamshika Zuhura. Muda wa mtihani ulipofika nilikuwa nimepiga magoti nampaka hina iliyokuwa imepauka kwenye vidole, na michoro naikosea mpaka akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ni tumbo.

Mchana nikapakua pilau. Lilikuwa pilau zuri, siwezi kumsingizia yule mpishi. Kila sahani niliyomwekea mtu nilitamani kummwagia.

Mjomba alikuja kujua baadaye kabisa. Yule mwalimu alikutana naye msikitini akamuuliza, "Yule mpwa wako mbona hakwenda kwenye mtihani wake? Alikuwa ameiva." Mjomba akaja kwetu siku hiyo hiyo. Nilimwamkia, shikamoo mjomba, hakuitikia, na kwake hilo halikuwa jambo dogo. Akakaa.

"Mwanaidi, harusi ile niliisogeza kwa ajili ya mpishi."

"Ndiyo, mjomba."

"Mpishi! Mtu si ndugu yangu, hata jina la baba yake silijui. Kwa ajili yako ningeshindwa? Niliuliza nani ana udhuru. Ulitaka nikuulize mara ngapi?" Kisha akamgeukia mama. "Na wewe dada, ulimficha nani? Mimi? Mimi ndiye mwenye jicho?"

Mjomba alipoondoka, mama alisema tu kwamba haikuwa riziki yangu. Neno hilo nililichukia, mwanangu, na bado nalichukia. Riziki ilikuwepo, ilikuwa Dar es Salaam, imewekewa kiti na namba yangu, mimi ndiye sikuwepo. Mwaka uliofuata, kabla ya mtihani, mama alipata kiharusi upande wa kulia. Mtoto wa kike ni mimi peke yangu. Nikamlisha, nikamwogesha, nikamgeuza kitandani mpaka alipofariki, na kwa wakati huo vitabu vilishakuwa vya kufungia vitumbua. Nilimpenda mama yangu. Nilimkasirikia pia, kwa wakati ule ule, kijiko kikiwa mkononi. Usiache mtu akwambie hayo mawili hayakai pamoja.

Waliofeli mwaka ule walilia, wakanyamaza, wakatafuta mengine. Mimi sijui kama ningefaulu. Nimezeeka sijui. Hilo ndilo linaloniuma.

Sasa nikwambie ninachotaka kukwambia. Kesho baada ya sala ya Ijumaa baba yako na ami zako watakaa kupanga siku ya hitima ya bibi yako mzaa baba. Nimesikia Jumamosi ya wiki ijayo inatajwa, na leo nimeona kwenye simu yako kwamba Jumamosi hiyo ndiyo ya mtihani. Nawe umeshapanga kunyamaza, nakuona usoni. Usinyamaze. Marehemu atasomewa hata Jumapili, dua itafika. Inuka useme, baba, mimi siku hiyo nina mtihani. Wenye kijicho wapo, sikudanganyi, na wengine watafurahi ukianguka. Waache wafurahi. Lakini wanaokupenda hawawezi kukupisha njia kama hawajui unapita. Na siku unaposoma ukaona akili imekataa, njoo ulie hapa mbele yangu, usinitafutie kitunguu. Ukishindwa kusema kesho nitasema mimi, na wewe unajua sauti yangu.

Mungu akufungue kifua, mwanangu. Akupe ulimi mwepesi mbele ya wakubwa zako, awape na wao masikio. Akufikishe salama ndani ya kile chumba, na majibu yakujie. Na kama hukupangiwa kufaulu, basi ufeli ukiwa umekaa kwenye kiti chako mwenyewe. Amin.