Ukurasa wa Maji ya Miguu

Siku moja naikumbuka kuliko zote za vita, mwanangu, na wala haikuwa siku ya risasi. Ilikuwa Jumapili tulivu hapa Bukavu, na shirika la Wakristo wa mtaa wetu lilikuwa limekutana kusali na kusoma.

Mimi ndiye niliyesoma, maana nilikuwa mwalimu. Padre wetu mzee alikuwa amenipa kitabu cha Kifaransa nikigeuze Kiswahili: mawazo ya padre mmoja wa karne nyingi zilizopita juu ya watu wa Wales, nchi ndogo ya milima iliyotamaniwa na majirani wenye nguvu. Padre yule wa kale alikuwa na damu ya Wales na damu ya wavamizi pia. Aliandika kwanza fadhila za watu wale, kisha maovu yao. Mzee aliniagiza nisome yote mawili, tupate kujitazama sisi wenyewe.

Lakini vita vilikuwa vimemuua kaka yangu kule Sange, nami nilitafuta wa kulaumu. Nikaruka mema yote. Nikasoma kwamba hawashiki kiapo, kwamba wanasogeza mipaka ya mashamba, kwamba wanamsahau aliyewatendea wema. Na kila palipoandikwa Wales nilisema “wale watu”, na kila aliyekuwepo alijua nasema kabila gani. Silitaji hata leo.

Karibu na mlango alikaa Maman Odette, mshonaji, mtu wa kabila hilo. Mwanangu, nilipokimbia vita kwa miguu kutoka Kavumu, nyayo zimepasuka, mama huyu hakunijua hata jina. Alitia maji ya moto na chumvi katika beseni la kijani, akapiga magoti akaniosha miguu. Nikakaa kwake wiki tatu nikila ugali wake.

Basi Jumapili ile nikisoma, watu walicheka, wakapiga makofi. Yeye akachukua kitambaa chake cha kichwa, akatoka bila kuaga. Nilimwona. Nikaendelea kusoma.

Jumanne mlango wake ulikuwa umeandikwa kwa makaa kwamba ahame. Alhamisi alipanda boti ya kisiwa cha Idjwi na cherehani yake. Wahenga walisema heri kujikwaa guu kuliko kujikwaa ulimi, nami nilikuwa nimepona miguu tu.

Mzee aliniita. Hakufoka, afadhali angefoka. Alinifungulia kitabu.

“Soma hapa penye uliruka.”

Nikasoma kwamba huko Wales mgeni akifika hupewa kwanza maji ya miguu, na akikubali kuoshwa, basi amekuwa mgeni wa nyumba ile.

“Huu ukurasa ni wa nani?”

“Wa Maman Odette, mon père.”

“Na ile ya batu benye kusahau mwenye aliwatendea muzuri?”

Nikafunga kitabu.

“Ile njo yako, mutoto wangu. Ulisoma yako, ukaiweka jina la mwingine.”

Nyani haoni kundule, mwanangu. Jumapili iliyofuata niliusoma ukurasa ule palepale, nikakiri nilichofanya. Hakuna aliyepiga makofi. Kiti cha karibu na mlango kilikuwa kitupu. Nilituma salamu Idjwi mara mbili kwa watu wa boti; hawakumpata. Kisha jirani yake akaniletea beseni la kijani.

“Maman Odette aliacha hii. Alisema: mumupatie mwalimu, miguu yake inavimbaka mbio.”

Nililia mbele ya watu, na sikuona haya.

Basi sikia. Ukitaka kutaja ubaya wa watu, anza na wema waliokutendea wewe, useme wenyewe wakisikia. Ukimaliza, utafute ubaya ule nyumbani kwako kwanza. Kabila halikumuua kaka yangu, wala kabila halikuniosha miguu. Ni watu, kila mmoja na jina lake, na kila mmoja atajibu kwa Mungu peke yake. Na ukiona chumba kizima kinakushangilia, nyamaza kidogo, umwangalie yule aliyekaa karibu na mlango. Maji yakimwagika hayazoleki.

Beseni liko kwangu mpaka leo; wewe mwenyewe umeoshewa humo. Mungu akujalie mlango wa kukupokea popote vita vitakapokutupa, na siku atakapokuja mgeni kwako, wa kabila lolote lile, akukute maji yako yameshapata moto.