Radhi Niliyoiomba Nikiwa Nusu Usingizini

Mimi ndiye ninayewapa wagonjwa wa upasuaji dawa ya usingizi hapa hospitalini Lindi. Kila mmoja namwambia kwamba ketamini humfanya mtu aote na kuropoka, ila propofoli humlaza kimya. Basi nilipougua ngiri, nikamng'ang'ania mwenzangu Mwanaidi anipe propofoli. Nilikuwa na siri. Zuhura, muuguzi wetu, alihamishiwa kisiwani Songo Songo, nami mpaka leo naosha kikombe chake cha chai ingawa hakuna anayekinywea.

Asubuhi ile niliwapigia simu ndugu na majirani kuomba radhi, kama tufanyavyo kabla ya kisu. Zuhura nilimruka. Sauti ingenisaliti.

Nilipozinduka nikajigamba, "Umeona? Sijatoa hata neno!"

Mwanaidi alikuwa anafuta machozi ya kicheko. "Kaka, hata macho hujafumbua vizuri, ukadai simu. Ukasema umebakiza mtu mmoja wa kumwomba radhi. Ningekunyimaje?"

Nikaitazama simu kifuani. Ilikuwa bado inahesabu dakika.

"Zuhura?"

"Nipo," akajibu taratibu. "Umeniomba radhi kwa kunipenda. Nimekusamehe, kaka."