Subiri Ipite

Kwetu Kiwalani ndege hupita chini sana zikienda kutua, mpaka mabati yanatetemeka. Sisi tuliozaliwa pale hatushindani nazo. Mtu akiwa katikati ya maneno hunyamaza, ndege ikishapita huendelea palepale alipoishia. Ni wageni tu wanaopandisha sauti, na mama huwaambia kwa upole, "Subiri ipite."

Mimi nilipanda ndege kwa sababu ya mchicha. Mama amenilea kwa matuta yake ya mchicha nyuma ya nyumba, nami nikasomea kilimo. Nilipopata ufadhili wa shahada ya pili huko Poland, alifurahi kutwa nzima, kisha jioni akaniuliza, "Shabani, utarudi wewe yuleyule, au nitaletewa mtu mwingine?"

"Mama nawe! Mie naenda kusoma tu."

Siku ya kuondoka, safari ya Ulaya ilianza kwa bajaji, maana uwanja uko jirani. Mama hakunisindikiza. Alisema atasimama kwenye matuta anipungie mkono nikipita. Ndege yetu ikarukia upande mwingine kabisa. Baadaye aliniambia alipunga mpaka mkono ukachoka, na kumbe zote zilikuwa zinatua.

Poland nilifika majani yakipukutika. Chumba cha hosteli kilikuwa kizuri, kina joto, na kimya kupita kiasi. Jikoni nilimkuta jirani yangu, nikamuuliza habari za nyumbani, za masomo, za mama yake. Alijibu "nzuri" moja kwa zote, akaondoka na sahani yake. Nikala nikitazama ukuta, na hivyo ndivyo nilivyokula majira yote ya baridi. Nilikuwa mpweke, sina neno jingine la kuipamba hali ile.

Kiangazi kilipofika tulipelekwa shamba la majaribio, la viazi vya kutengenezea sukari. Msimamizi, mama wa makamo aitwaye Halina, aliniambia nipalilie safu zangu. Nikapalilia kwa raha, na kila nilipokuta mchicha nikauacha, hata nikausafishia nafasi. Nilidhani wameuchanganya makusudi, kama mama anavyochanganya na bamia. Halina alipokuja alishika kiuno.

"Umeng'oa mengine yote ukaacha magugu haya?"

"Huu ni mchicha. Unaliwa."

"Hapa ndio adui yetu mkubwa," akasema huku akicheka, si kwa ubaya, akainama kuung'oa. Nikamsaidia, moyo ukiniuma kama naharibu matuta ya mama.

Jioni nikampigia mama nimsimulie. Akaanza kujibu, "Yaani hao watu," kisha kimya. Nikajua nimemuudhi. Mara nikasikia ngurumo ikipanda kwenye simu. Nikafumba macho, tukanyamaza wote wawili mpaka ikapita, naye akaendelea, "wanaita mchicha magugu? Sasa wanakulaga nini?" Nilicheka, na nilipokata simu nikalia.

Mwaka wa pili nilizoea. Niliung'oa mchicha bila kuufikiria, nikapita koridoni bila kumsalimu mtu, na hakuna aliyeniuliza kulikoni.

Niliporudi Dar, mama alinipikia wali na mchicha wa nazi. Tulikaa mkekani, nikamsimulia theluji, udongo mweusi, mashine za kuvunia. Ndege ikaja. Nikaendelea kusimulia, sauti juu, mikono hewani. Mama alikuwa amenyamaza, tonge mkononi, ananitazama mdomo. Ilipopita, akasema kwa upole uleule, "Subiri ipite, mwanangu."

Nilikumbuka swali lake. Yeye hakulirudia, na nadhani alishajibiwa. Shahada ninayo, na nimejifunza mengi ya udongo. Lakini pale mkekani nilijifunza kwamba nilikuwa nimefika Kiwalani kwa mizigo tu, mwenyewe bado niko njiani. Upweke niliodhani nimeuacha kule ulikuwa umekaa nami, unakula wali wetu.

Tukaendelea kula. Kisha nikasema, "Mama, kule nilikuwa," na ndege nyingine ikaanza kunguruma. Nikafunga mdomo. Mama akasogeza bakuli la mchicha upande wangu, tukasubiri.