Shemeji aliweka nyama ya sherehe ya tohara kwa friza ya enzyme, lawama nikapewa mimi

Wakuu, habari zenu. Niko na hasira, lakini hapa sijaongeza chumvi.

Mimi nafagia na kupiga deki kwa maabara moja ya utafiti hapa Kitale. Kazi nilitafutiwa na shemeji, kaka ya mzee wangu. Yeye ni technician pale, na tangu hiyo siku anatembea kama amenizaa.

Sasa, kwa friza kuna enzyme inaitwa protease. Inakata protini, kama ile ya tumboni inayosaga nyama. Ni ya binadamu lakini haikutolewa kwa mtu. Gene ya mtu inawekwa kwa bakteria, bakteria ndio wanaitengeneza. Ni ya utafiti tu, si dawa. Inakaa kwa vichupa vidogo sana, na ikipata joto imekwisha. Hata mimi wa Form Four niliambiwa siku ya kwanza.

Jumamosi asubuhi nafungua mlango, vichupa vyote viko juu ya meza, vimeyeyuka.

Kwa friza? Mguu wa ng'ombe na mbavu!

Ni ya shemeji. Kijana wa dada yake alikuwa anatahiriwa huko Bumula, na mjomba lazima atoe nyama. Sawa. Lakini si kwa butcher kuna friza, bana?

Akaja na pickup, akabeba nyama yake, akarudisha vichupa ndani.

"Shem, zitaganda tena. Wewe futa hiyo damu."

"Na zikiharibika?"

"Ati sasa wewe ni professor?" Akacheka, akaenda.

Jumatatu majaribio yakakataa. Mwenye maabara, mama hana mchezo, akauliza nani aligusa friza.

Shemeji, bila aibu: "Ni huyu. Alichomoa waya acharge simu."

Mimi! Na niko na mtoto ananyonya!

Madam akasema ataamua baada ya lunch. Hapo mama mkwe akapiga kutoka Bungoma.

"Mama Neema, kubali tu. Kufagia utapata kwingine. Yeye akifutwa nani atatusaidia? Na hiyo nyama si ulikula?"

Nilikula, ndiyo, huko kwa sherehe. Ilikuwa tamu. Hiyo ni kesi ingine.

Nikakata simu, nikaenda kwa madam. "Vuta droo ya chini ya friza."

Damu imegandia pale, na mafuta, na vipande vya mfupa. Kazi yangu ni kufuta. Hiyo sikufuta. Nikamwambia nyama ilikuwa ya nani na ilienda sherehe gani.

Shemeji amesimamishwa. Mimi niko kazini, lakini kwa hiyo boma hakuna ananisalimia, na mzee wangu analala akiangalia ukuta. Eti niende Bumula niombe msamaha mbele ya watu.

Siendi.

Wadada, mtu akikutafutia kazi hajakununua. Anayeona nilikosea aandike hapa chini wazi, lakini aanze kwa kunieleza Neema angekula nini.