Samaki Aliyefungwa Uzi

Nilipoolewa nilikuwa sijawahi kuiona bahari, na hadi leo sijaiona, lakini samaki wa baharini nazijua tabia zao. Ni tabia mbaya. Nasema hivyo kwa sababu niliishi nao boma moja huko Nakuru, miaka ya hamsini, kwenye mteremko wa chini ya Menengai, na yaliyowapata wao ndiyo yaliyokuwa yakinipata mimi.

Mume wangu alikuwa mpishi wa mzungu mmoja mzee aliyewahi kuwa nahodha wa meli. Sijui ni nini kilichomleta mtu wa meli mahali ambapo maji ya karibu ni ziwa la magadi lililojaa ndege. Labda alichoka kutapika. Lakini bahari hakuweza kuiacha kabisa, basi akaiweka sebuleni: sanduku kubwa la kioo, urefu wa kitanda cha mtoto, ndani mawe ya matumbawe, na mashine ndogo ya kupuliza hewa iliyokoroma mchana na usiku. Maji yenyewe yalipanda kutoka Mombasa kwa gari la moshi, kwenye mapipa. Kwa ushamba wangu nilimuuliza mume wangu kwa nini wasichote ya ziwani, kwani si nayo yana chumvi. Alicheka hadi akaketi chini. Maji ya ziwa letu, alisema, yangewapika hao samaki bila moto.

Mama mkwe alikuwa dobi wa nyumba hiyohiyo. Alifua na kupiga pasi tangu mume wangu akiwa mtoto, na nyuma ya nyumba kubwa, penye vyumba vyetu na jiko la mabati, yeye ndiye aliyekuwa serikali. Mimi nilitoka Kuresoi. Aliniita "msichana wa viazi" siku ya kwanza, nikadhani ni utani wa kumkaribisha mgeni. Wiki ziliisha na jina likabaki. Tulikuwa tumefunga ndoa kanisani, pete kidoleni, lakini jikoni mwake sikuruhusiwa hata kuwasha moto. Nikishika sufuria, ananipokonya. Nikiosha vikombe, anaviosha tena. Chumvi aliihamisha kila nilipojua iliko.

Nilikasirika. Mimi si mtu wa kunyamaza, na nyumbani kwetu nilijulikana kwa mdomo, lakini mkwe ni mkwe, kwa hiyo maneno yote niliyatafuna na kuyameza. Nilimeza mengi sana mwaka ule.

Kisha nikasikia, kupitia ukuta wa mbao, akimwambia mwanawe kwamba viazi vikikomaa Kuresoi nirudi kwetu nikasaidie kuvuna. "Hapa hakuna kazi yake," alisema. "Jiko moja haiwezi kuwa na wanawake wawili." Mume wangu akajibu, "Ndiyo, Mama," kwa ile sauti ya mtu anayetaka kulala. Niliwajua vizuri wanawake waliorudi makwao kuvuna. Walivuna msimu huo, na uliofuata, na mwingine tena, na waume zao wakazoea kula peke yao. Nilimpenda yule mwanamume mvivu wa maneno. Sikutaka kwenda.

Sasa tuje kwa samaki. Mle kwenye kioo aliishi mmoja wa buluu, mkia wa njano, mdogo kuliko kidole gumba. Alikuwa na shimo lake chini ya jiwe kubwa, na mbele ya shimo alikuwa na ua wake ambao hakuna aliyeuona ila yeye. Nahodha alipoletewa samaki mwingine, huyo wa buluu alitoka mbio akamuuma mapezi, akamsukuma hadi kwenye kona penye mapovu, na akirudi kwake alirudi kinyumenyume ili asimpe mgongo. Mgeni wa kwanza alikaa konani bila kula hadi akafa. Wa pili aliruka nje ya maji akafia kwenye zulia.

"Huyo anajua kwake," alisema mama mkwe akipita na kikapu cha nguo, na alinitazama mimi, si samaki.

Wa tatu alipofika kwa gari la moshi, alikuwa mwekundu wa machungwa, mwenye mistari myeupe, na sura ya mtu aliyeamshwa vibaya. Nahodha aliiweka chupa aliyoletwa nayo ielee juu ya maji ya sanduku ili joto lilingane, akavaa kofia, akasema anakwenda Mau Narok kwa rafiki yake mwenye ngano. "Saa kumi wewe mwaga yeye polepole," alimwambia mume wangu. "Mimi hapana weza ona." Mtu aliyevuka bahari zote, akamkimbia samaki wa kidole gumba.

Saa kumi ilipofika mume wangu alikuwa anatokwa jasho. Alituita. Alisema mgeni akifa mikononi mwake, Nahodha atasema ni yeye aliyemuua. Mama mkwe akaweka pasi chini. Kwa jambo la mwanawe hakuwa na mzaha.

"Nyinyi watu wote mmesoma na hamjui hata kuku," alisema. "Kuku mgeni tunafanya nini?"

Kila mtu alijua. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Ukinunua kuku sokoni unamfunga kwenye mguu wa kitanda, unampa mahindi, wale wenyeji wanampiga kidogo na kumzoea, na siku ukimfungua hana habari tena za kwao. Mama mkwe alifuga kuku wengi kwa njia hiyo na hajapoteza hata mmoja.

"Samaki haina mguu, Mama," mume wangu alisema.

"Si iko na mkia?"

Basi mimi, msichana wa viazi, niliambiwa niloweshe mikono na kumshika mgeni, kwa sababu mikono yangu ilikuwa midogo. Mama mkwe akamfunga uzi wa cherehani pale mkia unapoanza, kwa fundo laini ajabu, na ncha ya pili akaifunga kwenye jiwe. Ilikuwa mara ya kwanza sisi wawili kufanya kazi moja. Nakumbuka nilifurahi, nikajilaumu kwa kufurahi.

Kwa muda mfupi tulikuwa werevu. Yule wa buluu alitoka, akauona uzi, akauogopa. Kisha mgeni akashtuka, akazunguka jiwe la kwanza, akapita katikati ya la pili, akazunguka la tatu, hadi uzi ukaisha akabaki amebanwa kama mbuzi aliyeuzungukia mti wake mwenyewe. Mwenyeji akaelewa. Akaanza kumuuma taratibu, bila haraka, kama mtu mwenye siku nzima mbele yake.

Mama mkwe alizamisha mkono hadi kwapani. Wa buluu akamuuma na yeye. "Huyu shetani," alisema, bila kuutoa mkono. Uzi ulikuwa umejisokota chini ya mawe yote, na hatungeweza kuukata bila kuyanyanyua. Akaamuru yatolewe. Tukayatoa moja baada ya jingine, tukayapanga kwenye karai, maji yakatiririka kwenye zulia la Nahodha, na mume wangu akasimama na sufuria mkononi akiomba Mungu kwa lugha tatu. Nikaukata uzi kwa wembe, nikaacha kipande kidogo mkiani, nisije nikamkata na mkia.

Sasa mawe yarudi. Lakini yalikuwa yamekaaje? Mume wangu alipangusa kile kioo kila siku ya Mungu na hakukumbuka chochote ila kwamba shimo moja lilitazama dirisha. Tukayarudisha ovyoovyo, lililokuwa chini likawa juu, tukaketi kutazama kifo.

Wa buluu, aliyekuwa amejificha nyuma ya bomba, alitoka kwa hasira zake akaenda moja kwa moja nyumbani kwake. Hakukuwa na nyumbani. Akarudi nyuma, akaenda tena. Akazunguka jiwe akitafuta mlango. Mgeni alimpita karibu kabisa, uzi ukipepea nyuma, akaingia kwenye ufa wa kwanza aliouona, na mwenyeji hata hakumgeukia. Ana shughuli zake. Hadi jua linazama alikuwa amepata pa kukaa upande ule mwingine, na kila mmoja alikuwa akimchungulia mwenzake. Walisukumana kidogo tu, wakaacha.

Nahodha aliporudi aliinama mbele ya kioo muda mrefu. Kisha akauona uzi.

"Nani nafunga samaki yangu kama mbwa?"

Mume wangu alitazama dari. Mama mkwe akajifuta mikono kwenye leso.

"Kama kuku, Bwana," alisema.

Mzee yule alicheka hadi akakohoa. Alimtoa mgeni kwa wavu, akaukata uzi kwa mkasi mdogo wa kucha, akatutaka tumweleze kila kitu tangu mwanzo, hasa habari ya mawe. Kuanzia siku hiyo kila mgeni alipokelewa kwa utaratibu: kwanza anakaa ndani ya chupa mle mle majini, mdomo wa chupa umefunikwa kitambaa chepesi, ili wenyeji wamtazame bila kumfikia, halafu wenyeji wanalishwa maini yaliyosagwa hadi wavimbiwe, halafu mawe yote yanageuzwa, ndipo anafunguliwa, na blanketi linatupwa juu ya kioo kuwe giza. Nahodha hakugeuza hata jiwe moja bila kumwita mama mkwe aje asimamie.

Nami nilitazamia mambo yabadilike kule nyuma. Wapi. Jioni hiyohiyo nilishika mwiko, akanipokonya. Ila wiki ile nilimkuta mara nyingi amesimama mbele ya kioo na kikapu kiunoni, nguo za pasi zikipoa. Siku moja alisema, kama anayejisemea, "Kumbe hakuwa mbaya. Alikuwa tu anachunga mlango."

Nilikuwa nimechoka kutumaini.

Kisha habari ikaja kutoka Kuresoi kwamba viazi vimekomaa, na lori la Jumamosi lina nafasi. Mume wangu aliniambia huku akitazama viatu vyake. Nilifunga nguo zangu kwenye shuka. Nililia, sifichi, na nilimtukana kimoyomoyo yeye, mama yake na viazi vyote vya dunia. Ijumaa nikaenda kusaga mahindi, nikasema angalau nisiondoke nikiacha debe tupu, wasije wakapata la kunisema.

Niliporudi na unga kichwani, mlango wa jiko ulikuwa wazi na mama mkwe ameketi nje juu ya kinu, anahema, majivu hadi kwenye nyusi. Niliingia nikadhani tumeibiwa. Mafiga matatu yalikuwa yameng'olewa kutoka kona ya zamani na kupandwa upande wa pili, chini ya dirisha. Rafu ya vyombo ilikuwa mahali pa kuni, kuni mahali pa mtungi, na sufuria zote zilining'inia kwenye ukuta ambao haujawahi kuwa na msumari. Hapakuwa na kitu nilichokijua.

"Chumvi iko wapi, Mama?" niliuliza.

"Tafuta. Hata mimi sikumbuki niliiweka wapi."

Aliinuka kwa shida, akaja akasimama kando yangu, sote wawili tukiyatazama yale mafiga mapya ambayo hayakuwa na alama ya moshi.

"Hapa sijawahi kupika," alisema, akanipa kiberiti.