Kaske Iliyokataa Kufa

Kila aliyeishika kaske ya Nadège aliigonga kwa kidole, akatega sikio, kisha akatoa hukumu ile ile: "Iko muzima." Nadège alikuwa amechoka na hukumu hiyo hadi kwenye meno.

Alikuwa fundi wa vyerehani. Washonaji wa mji wa Baraka walimjua, wa Fizi kule juu walimjua, na cherehani ikigoma kule mlimani, yeye ndiye aliyefunga mfuko wa bisibisi na mafuta nyuma ya baiskeli akapanda. Kupanda kulikuwa jasho tu. Kushuka ndiko kulikomfanya amwombe dada yake aliyeolewa Kigoma amnunulie kofia ngumu ya baiskeli, ile inayoitwa kaske. Watu walimcheka wiki nzima, wakamwita rubani, kisha wakazoea.

Ndipo mbuzi wa mtu asiyejulikana, maana mbuzi akiharibu huwa hana mwenyewe, alipokatiza barabara kwenye kona ya mwisho ya mteremko. Nadège aliruka upande wake, baiskeli upande wake. Kichwa kilipiga jiwe. Alilala pale akisikiliza gurudumu likizunguka bure, akaogopa kujigusa. Alipojigusa hakukuta damu. Aliinuka, akalia kidogo, akamtukana mbuzi, akaenda nyumbani.

Kwa nje kaske ilikuwa na mkwaruzo mmoja tu, mwembamba. Siku za kwanza hata yeye aliitazama akasema moyoni labda bado inafaa. Lakini dada yake alikuwa amemwonya tangu mwanzo kwamba kofia ile hupokea pigo kubwa mara moja tu. Basi akabandua kitambaa cha ndani. Kwenye tabaka la povu gumu, jeupe na jepesi, kulikuwa na ufa uliotoka sikioni hadi kisogoni, na alipoubonyeza kwa dole gumba ulizama na haukurudi. Akaelewa ni nini kilichopasuka badala ya kichwa chake. Akamwomba dada yake kaske nyingine, na ilipofika akaitupa ile ya zamani jalalani.

Alidhani mambo yameisha. Kumbe kununua mpya ndiko kulikokuwa rahisi.

Jioni hiyo hiyo jirani yake, Mama Espérance, alibisha hodi na kaske mkononi, imeoshwa kwa sabuni.

"Mama Lionel, ulisahau kaske yako kule kwa takataka."

"Sikusahau, mama. Niliitupa. Imekufa."

Mama Espérance akaigonga. "Imekufa namna gani? Hata tundu haina."

"Ndani njo imekufa."

"Kitu ilikuponya kwa kifo, we unaitupa?" Akaiweka juu ya kiti kama mgeni, akaenda zake.

Nadège akaitupa tena, mbali zaidi. Safari hii ilirudi mkononi mwa mumewe, Roger, mtu mwema ambaye hajawahi kutupa hata msumari uliopinda. Alikuwa ameipaka rangi ya kijani iliyobaki kwenye madirisha, mkwaruzo haukuonekana tena, na mkanda ameushona upya.

"Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao," akamwambia mkewe, akitabasamu.

Nadège alitaka kumjibu kwamba hao wazee hawakushuka na baiskeli kutoka Fizi. Alimwonyesha ufa. Roger akautazama kwa upole, akasema ni kidogo, ataweka gundi. Nadège akahisi kichwa kinamgonga pale pale kilipogonga jiwe.

"Baba Lionel, mi sitaki gundi. Nataka hii kitu isivaliwe na muntu."

"Sawa," akasema Roger, na Nadège, ambaye baada ya miaka yote ya ndoa alipaswa kujua maana ya sawa ya Roger, akaamini.

Asubuhi ya safari yake nyingine ya Fizi, shemeji yake Jacques alisimama mlangoni kuomba maji. Jacques alipanda mlima na baiskeli tupu na kushuka na magunia ya maharage, breki zake zikiwa zaidi ni viatu. Kichwani alivaa kaske ya kijani.

"Kaka amenipa," akasema kwa furaha. "Leo mi pia niko rubani."

Nadège hakucheka. Aliiona ile kona, akaona magunia, akaona kichwa cha Jacques kwenye jiwe lile lile.

"Shemeji, ivue."

"Juu ya nini? Iko muzima."

Ilimfika shingoni. Aliivua mwenyewe kutoka kichwani mwa Jacques, jambo ambalo mwanamke hamfanyii shemeji. Nyundo ilikuwa karibu, lakini hakuigusa, maana wangesema nyundo ndiyo iliyoua. Aliishika kingo mbili kwa mikono mitupu, akaweka goti katikati, akakunja. Ikafunguka kama ganda la karanga. Unga mweupe ukamwagika kizingitini.

Roger, aliyekuwa akitoka na kikombe cha maji, akasimama. Jacques akakitazama kipande kimoja, kisha kingine, akajishika kisogo polepole.

"Kwa mikono tu," akasema.

"Kwa mikono tu," akasema Nadège. "Sasa wewe uweke jiwe pahali pa mikono."

Hapo ndipo alipoona alichokifanya: shemeji yake alikuwa na kichwa kitupu na mlima mbele yake. Akavua kaske yake mpya, akamvalisha, akamkaza mkanda chini ya kidevu kwa hasira hadi akakohoa. Yeye mwenyewe angeshuka akisukuma baiskeli kwa miguu mpaka dada yake atume nyingine, na mshonaji wa Fizi angenung'unika kwamba fundi anaondoka mapema.

Kabla hajafunga mfuko wake, Mama Espérance alikuwa ameshafika. Alikuwa amejifunga kitenge cha pili begani, kama mtu aendaye matangani, na alivitazama vile vipande kwa huzuni ya kweli.

"Pole sana, Mama Lionel," akasema. "Kumbe kaske yako imekufa."

Nadège alifungua kinywa amwambie ilikufa siku ile ya mbuzi. Akamtazama usoni, akaona hafanyi mzaha.

"Asante, mama," akasema. "Imekufa."